Usidanganyike na jina 'i7', soma namba inayofuata kwanza

Umeweka akiba miezi kadhaa kutokana na vibarua vya mtandaoni, na sasa unataka kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Unaingia duka moja pale Luthuli Avenue, Nairobi. Muuzaji anakuonyesha mashine mbili. "Hii ni i7, ile nyingine ni i3 tu. Bro, chukua i7, hutajuta."

Wewe unawaza: saba ni kubwa kuliko tatu, basi ya kuuliza ni nini tena?

Yapo ya kuuliza. Hiyo saba haikuambii prosesa ilitoka mwaka gani. Inakuambia tu kwamba ilikuwa ya daraja la juu miongoni mwa wenzake wa wakati huo. Umri wake umo kwenye namba inayofuata kistari.

Tuchukue mfano halisi. Intel ilitoa Core i7-2600 mwaka wa 2011. Hiyo 2 ya mwanzo inamaanisha kizazi cha pili. Core i3-12100 ilitoka mwaka wa 2022, na 12 yake ni kizazi cha kumi na mbili. Kati ya hizo mbili kuna miaka kumi na moja.

Sasa cheki kinachochanganya watu. Zote mbili zina viini vinne, yaani wafanyakazi wanne ndani ya chipu moja, na kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja. Kasi ya kawaida ya i7 hiyo ni gigahezi 3.4, na ya i3 ni 3.3. Ukiangalia karatasi tu, utasema mzee ameshinda.

Lakini ukizipima kiini kwa kiini, i3 hiyo "ndogo" hupata takriban alama maradufu. Inakuwaje?

Fikiria matatu mbili zinazotoka Kayole kwenda tao kwa mwendo uleule. Moja ina viti 14, nyingine viti 33. Zitafika pamoja, ila moja imebeba watu zaidi ya mara mbili. Gigahezi ni mwendo tu. Prosesa mpya hubeba kazi nyingi zaidi katika kila mpigo, kwa sababu viini vyake vimeundwa upya. Kumbukumbu ya ndani ya chipu nayo imeongezeka kutoka megabaiti 8 hadi 12, na RAM inayotumika nayo ni ya kasi zaidi. Isitoshe, kazi ikizidi, i3 hiyo inaweza kupanda hadi gigahezi 4.3, wakati i7 inagota kwenye 3.8.

Kwa mhariri wa video, tofauti inauma zaidi. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa mfumo wa H.265. Michoro iliyo ndani ya i7-2600 haina sehemu maalum ya kufungua mfumo huo, kwa hivyo viini vyenyewe hubebeshwa mzigo wote. Utaona video inakwama-kwama, feni inanguruma, na mteja anakupigia kuuliza kazi iko wapi. Ile i3-12100 ina sehemu hiyo ndani yake.

Stima nayo? Intel iliipa i7 hiyo kiwango cha wati 95. Ya i3 ni wati 60, na ikijikaza kabisa, 89.

Kuna hili pia. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa upande wa Intel, orodha yake ya prosesa za kompyuta za mezani za Windows 11 kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Hata i7-7700 ya mwaka wa 2017 haimo.

Je, mashine ya zamani ni takataka? La hasha. Kama kazi yako ni kuandika, kusoma na kutuma CV, i7-2600 yenye SSD na RAM ya gigabaiti 8 itakusukuma vizuri tu, hasa ukiiwekea Linux. Ila lipa bei ya mashine ya 2011, usilipie jina. Na usiseme utanunua ya zamani halafu ubadilishe prosesa baadaye. Ile ya 2022 haiingii kwenye ubao wa 2011, na RAM ya DDR3 uliyo nayo haitafaa kwenye ubao mpya. Utajikuta umenunua karibu kila kitu upya.

Kwa hivyo ukiwa dukani, usitosheke na stika iliyobandikwa kwenye boksi, maana stika huhamishika. Omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Jina kamili la prosesa litatokea hapo. Liandike, litafute kwenye simu yako, uone ilitoka mwaka gani.

Muuzaji akikuharakisha ati kuna mteja mwingine anaitaka, mwachie huyo mteja. Akiba yako haikukusanywa kwa siku moja, na haraka ya mtu mwingine isikufanye uimwage kwa dakika tano.