Ukitaka Kusomea Uchumi Ng'ambo, Anzia Mzani wa Bunda

Kijana wa kidato cha sita anayetamani kusomea uchumi ng'ambo huanza na pasipoti, mtihani wa Kiingereza na udhamini. Yote ni muhimu. Lakini linalotangulia ni kuwa na swali lako mwenyewe kuhusu uchumi wa dunia, na mkoani Mara swali hilo halitafutwi mbali.

Tuanze na pamba. Mkulima wa Bunda hupeleka pamba mbegu kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ikapimwa, akalipwa kwa kilo. Kilo tatu hivi zikichambuliwa kiwandani hutoa kama kilo moja ya nyuzi. Sehemu kubwa ya nyuzi huuzwa nje, na soko la dunia huzitajia bei kwa senti za Kimarekani kwa ratili. Basi bei ya pale mzanini imebeba mambo matatu ambayo mkulima hana sauti juu yake: mavuno ya China, India, Brazili na Marekani, thamani ya shilingi mbele ya dola, na ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wakulima wao. Kwa ruzuku hizo, Brazili iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikashinda hadi kwenye rufaa mwaka 2005.

Sangara wa Musoma anafundisha somo jingine. Minofu huenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, huenda China. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, uamuzi wa Brussels ulifika hadi mwaloni, ukamgusa hata mvuvi ambaye hakuwahi kutia sumu majini.

Mfano wa mtu wa Mara aliyesomea uchumi ng'ambo ni Julius Nyerere wa Butiama. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akapitia Makerere na kufundisha Tabora kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Huko uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake, akahitimu mwaka 1952. Baadaye aliongoza Tume ya Kusini, ambayo ripoti yake ya mwaka 1990 ilichambua madeni, bei za mazao na biashara isiyo ya haki. Alikwenda Edinburgh akiwa mtu mzima, ameshaijua nchi yake.

Njia hiyo bado ni nzuri. Udhamini kama Chevening wa Uingereza ni wa shahada ya uzamili, nao hudai uzoefu wa kazi. Kwa hiyo kuanzia shahada ya kwanza Dar es Salaam au Dodoma si kukata tamaa, ni kujipanga. Hisabati nayo isidharauliwe: wa mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) ana msingi, lakini wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aisome BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, kwa bidii, maana uchumi wa chuo kikuu umejaa hesabu na takwimu. Tena, kabla ya kulipa ada yoyote, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo cha ng'ambo unachokitaka kinatambuliwa.

Halafu fungua daftari. Msimu mzima wa pamba andika kila wiki bei ya Bunda, bei ya nyuzi duniani na thamani ya dola, kisha jieleze kwa maneno yako kwa nini zimepanda au kushuka. Chuo kitakapouliza kwa nini unataka kusoma uchumi, hutahangaika kutafuta jibu.