Samaki wa gemu, mkazi wa Tanga

Likizo ya Juni mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa barazani kwetu Tandika, ameinamia simu ya mama yake, anacheza Pokémon ya zamani, ile inayoitwa Ruby. Mara akaruka. "Mjomba, nimempata! Huyu nimemtafuta siku tatu." Akanionyesha samaki mnene wa rangi ya kahawia, mwili wote kama umejengwa kwa mawe. Jina lake Relicanth. Nikamwambia huyo yupo kweli, tena yupo huku kwetu. Akanikazia macho. "Mjomba bwana! Si gemu ya Wajapani hii?"

Gemu ni ya Wajapani. Ruby na pacha wake Sapphire zilitoka huko Novemba 2002, na ndani yake Relicanth ni kiumbe namba 369, wa maji na mwamba, anayepatikana kwa kuzamia kwenye majani ya chini ya bahari. Lakini waliomchora walimtazama silikanti, samaki wa kweli, mkubwa kuliko mchoro wake: Relicanth ana mita moja na kilo 23.4, ilhali silikanti aliyekomaa hukaribia mita mbili na kupita kilo 80. Na mwaka 2003, gemu ikiwa bado mpya madukani, wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, wakamtoa majini silikanti wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Pande hizo mbili, wachoraji na wavuvi, hazikuwa na habari za wenzao.

Wachezaji wa Pokémon GO, ile ya kutembea na simu mitaani, wanajua kwamba baadhi ya viumbe vimegawiwa kwa maeneo. Afrika tumepewa Tropius, mnyama mwenye majani mgongoni na matunda kama ndizi shingoni. Relicanth amepewa New Zealand na visiwa vya jirani yake. Kijana wa Mbagala akimtaka kwa kumkamata mwenyewe, akate tiketi ya ndege avuke bahari mbili. Silikanti mwenyewe yuko mwendo wa basi la asubuhi kutoka Mbezi hadi Tanga. Sioni sababu ya kulaumu mtu, ila natamani watoto wetu wajue.

Habari zake duniani zilianza kwa mwanamke mmoja na teksi. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini akaangalie samaki walioletwa na meli ya nahodha Hendrik Goosen. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Samaki alikuwa na urefu wa mita moja na nusu, na mapezi yake yalikaa kwenye vikonyo vya nyama kama viganja. Dereva wa teksi aligoma kumbeba kwa harufu, mpaka akabembelezwa. Chumba cha maiti cha hospitali nacho kikamkataa. Mama yule akachora picha, akaituma kwa J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia aliyebobea kwa samaki, na Smith alipoiona hakuamini: jamii hiyo ilifikiriwa kuwa ilikwisha miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria. Alimpa jina la kisayansi Latimeria chalumnae, kumheshimu aliyemwona.

Matumbo yalikuwa yameshatupwa, kwa hiyo Smith alihitaji mwingine. Akachapisha tangazo lenye picha na zawadi ya pauni 100, likasambazwa mwambao wote wa Afrika Mashariki. Alisubiri miaka 14. Desemba 1952, Anjouan katika visiwa vya Komoro, mvuvi Ahmadi Abdallah alimvua mmoja kwa mshipi, na mwalimu aliyekuwa ameliona tangazo akamtambua kabla hajakatwa vipande. Habari zikamfikia nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara wa baharini ambaye Smith na mkewe walikuwa wamekutana naye Unguja mwaka huohuo. Hunt akampasha Smith, na waziri mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua samaki huyo. Wakomoro wenyewe walishangaa kelele zote hizo. Walikuwa wanamjua miaka mingi, wanamwita gombesa, na hawakumthamini sana, kwa sababu nyama yake imejaa mafuta yanayoharisha.

Sasa turudi kwenye gemu, maana waliotunga maelezo ya Relicanth walisoma vizuri, lakini walikosea mahali patatu, na makosa yenyewe yanafundisha.

Wanasema hana meno na anakula vijidudu. Silikanti ana meno, naye ni mwindaji: usiku huelea taratibu karibu na mwamba, akimeza samaki na ngisi. Puani ana kiungo kinachohisi umeme wa mawindo, na fuvu lake lina kiungo kama bawaba kinachomwezesha kupanua kinywa.

Wanasema anatembea juu ya sakafu ya bahari kwa mapezi. Hata Smith aliamini hivyo. Kitabu chake cha 1956 kilimwita mzee wa miguu minne. Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, alishuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro akamkuta silikanti akiwa hai nyumbani kwake. Hatembei. Lakini mapezi yake anayachezesha kwa kupishana, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, hivyohivyo ng'ombe anavyopiga hatua. Wakati mwingine husimama kichwa chini, mkia juu, akatulia. Mchana hukaa mapangoni, mita 100 hadi 200 na zaidi chini, wengi pango moja bila ugomvi.

Wanasema hajabadilika kwa miaka milioni 100. Hili linarudiwa hata magazetini. Mifupa ya kale ya jamii yake ina umri wa miaka milioni 400 hivi, na ndani yake kulikuwa na maumbo mengi yasiyofanana na huyu wa leo. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2013, ilionekana kwamba jeni zake hubadilika polepole, lakini hubadilika. Kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba kwa udugu, kamongo wa Ziwa Victoria yuko karibu nasi zaidi kuliko silikanti.

Kitu ambacho gemu haina kabisa ndicho ninachokipenda. Karibu kila Relicanth ni nakala ya mwenzake. Silikanti ana madoa meupe kwenye mwili wake wa buluu, na mpangilio wa madoa haufanani kwa samaki wawili. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa hayo, mwaka hadi mwaka, bila kumgusa yeyote.

Huku kwetu hatukumpata kwa nyambizi. Tulimpata kwa jarife, nyavu kubwa za papa zinazotegwa kwenye maji ya kina. Papa walipopungua karibu na pwani, wavuvi walishusha jarife chini zaidi, na baada ya 2003 vijiji vya Tanga kama Kigombe na Mwarongo vikaanza kuleta silikanti mmoja baada ya mwingine. Mvuvi hakumtaka. Samaki mwenyewe akifika juu keshakufa au anakufa. Miili ilipimwa, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoko Kunduchi, ilishirikiana na Wajapani kuichunguza. Mwaka 2011 matokeo ya vinasaba yakaonyesha kwamba silikanti wa Tanga ni kundi la peke yake, lililojitenga na wale wa Komoro zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mwaka 2009 serikali ilikuwa imeshatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552.

Mpwa wangu alisikiliza yote haya, kisha akauliza swali la mchezaji: "Sasa mjomba, wapo wangapi? Na wakivuliwa, si watazaliana?"

Hapo ndipo pagumu. Silikanti hatagi majini. Mayai yake, makubwa karibu kama chungwa, huanguliwa tumboni. Mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu duara za magamba, kama zile za mti uliokatwa, wakakadiria kwamba anaishi karibu miaka 100, mimba inachukua miaka mitano, na jike hakomai kwa uzazi mpaka afikie miaka 55 hivi.

Tukapiga hesabu nyuma ya daftari lake. Silikanti jike aliyezaliwa mwaka ule wa 2003, kama hajaingia kwenye jarife, bado ni mtoto. Atafikia umri wa kuzaa mnamo 2058. Mpwa wangu akahesabu umri atakaokuwa nao mwaka huo, akaandika 46, akapigia mstari.