Mlango wa Sukari katika Utando wa Bakteria

Mtoto wa Majengo, mjini Moshi, anapoharisha damu, choo chake huweza kupelekwa maabara ya hospitali na kupandwa juu ya agari ya MacConkey. Agari hiyo ina laktosi, yaani sukari ya maziwa, pamoja na rangi igeukayo nyekundu penye asidi. Kesho yake mtaalamu huchunguza makundi ya bakteria yaliyoota. Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, huonekana mwekundu, kwa kuwa hutumia laktosi na kutoa asidi. Shigella sonnei, mmojawapo wa bakteria waletao kuhara damu, hubaki bila rangi.

Ajabu ni kwamba Shigella huyu anacho kimeng'enya cha kuvunja laktosi. Akikosacho ni mlango wa kuiingizia.

Utando uizungukao seli umefanywa kwa mafuta, na sukari haipenyi mafuta kwa urahisi. Kwa hiyo E. coli ana protini iitwayo permiasi ya laktosi, iliyochomekwa katika utando huo. Jacques Monod na wenzake waligundua kazi yake mjini Paris katika miaka ya 1950. Umbo lake lilijulikana mwaka 2003, pale Jeff Abramson, Ronald Kaback, So Iwata na wenzao walipopiga eksirei fuwele za protini hiyo. Ili itulie, walitumia protini iliyobadilishwa asidi amino moja tu, ya 154.

Protini hii ni mnyororo wa asidi amino 417. Mnyororo huo huvuka utando mara 12, na kila sehemu ivukayo imejisokota kama parafujo. Sehemu sita husimama upande mmja na sita upande wa pili. Kati yake mna uwazi ambamo sukari hukaa. Nusu hizo mbili huinamiana kwa zamu: uwazi ukifunguka nje, ndani hufungwa, ukifunguka ndani, nje hufungwa. Kamwe hapabaki tundu wazi.

Nguvu ya kuivuta sukari hutoka wapi? Bakteria hutumia nishati ya chakula kusukuma protoni nje ya utando. Protoni hizo huelekea kurudi ndani, kama maji ya mfongo yateremkavyo kutoka misitu ya Kilimanjaro hadi vihambani. Kila protoni ipitayo mlangoni huingia pamoja na molekuli moja ya laktosi. Hivyo bakteria huweza kulimbikiza sukari hata ikiwa haba nje.

Shigella sonnei asiye na mlango huo hupata laktosi kidogo kidogo. Sahani yake huweza kuwa nyekundu baada ya siku kadhaa. Yafaa mwanafunzi akumbuke kwamba rangi hiyo ni dalili ya kwanza tu. Wako E. coli wekundu waletao maradhi, na vipimo vingine lazima vifuate. Hata hivyo, uchunguzi wa mgonjwa huanzia hapo: kuwapo au kutokuwapo kwa protini moja.