Mtoto wa Jicho na Presha ya Macho: Upasuaji Unarudisha Nini, Unalinda Nini?

(Muziki wa kipindi. Unashuka pole pole.)

MTANGAZAJI: Karibu wewe uliye Katwe, Nsambya na Kabalagala, na wewe uliyefika Kampala kwa matibabu kutoka Nakivale au Kyangwali. Na wewe unayesoma maandishi haya kwenye karatasi, karibu pia. Soma kwa sauti ili mzee aliye karibu nawe asikie.

Leo tunaongea juu ya macho. Chukua mfano huu. Watu wawili wamepasuliwa jicho siku moja. Kesho yake bandeji inatolewa. Wa kwanza anatazama ukutani, anasoma saa, anacheka. Wa pili haoni tofauti yoyote, tena anaona ukungu kuliko jana. Huko mtaani tutasema nini? Tutasema wa kwanza alipata daktari mzuri, na wa pili ameharibiwa jicho.

Lakini huenda wote wawili wametibiwa vizuri kabisa. Wa kwanza alikuwa na mtoto wa jicho. Wa pili alikuwa na glaukoma, ile wengi tunaiita presha ya macho. Ni magonjwa mawili, na upasuaji wake una kazi mbili tofauti. Asiyejua hilo anakata tamaa, anaacha dawa, na hapo ndipo anapofuka kweli.

Tuanze na mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi, safi kama kioo cha dirisha. Umri ukienda, au jicho likiumia, lenzi inaingia ukungu mpaka inakuwa nyeupe. Nyuma yake jicho linaweza kuwa zima; ni dirisha tu limechafuka. Daktari anatia dawa ya ganzi, anatoa lenzi ile, anaweka nyingine ya plastiki. Lenzi ya namna hiyo iliwekwa mara ya kwanza London mwaka 1949, na daktari Harold Ridley. Kama sehemu nyingine za jicho ni nzima, mtu anaona tena, mara nyingi ndani ya siku chache. Huenda akahitaji miwani ya kusomea.

Sasa glaukoma. Jicho linatengeneza maji yake ndani, siyo machozi, na maji hayo yana mlango wa kutokea. Unajua mtaro wa Bwaise ukizibwa na plastiki, mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani? Jicho ni hivyo hivyo. Mlango ukiziba, maji yanajaa na presha inapanda. Presha hiyo inaharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Watu wengi wana presha ya jicho kati ya 10 na 21. Lakini wengine mshipa wao unaharibika hata kama presha iko ndani ya namba hizo, kwa hiyo daktari hupima presha na pia hutazama mshipa wenyewe.

Sikia vizuri: hii siyo presha ya damu. Kumeza vidonge vya presha ya damu hakukukingi na glaukoma.

Ugonjwa huu unaiba kimya kimya. Mara nyingi hauumi. Unaanza kula pembeni mwa jicho, mtu anagonga mlango, anajikwaa, anasema ni uzee. Na mshipa ukishakufa, hakuna dawa wala upasuaji wa kuufufua. Ndiyo maana yule wa pili hakuona tofauti. Daktari alimtobolea njia mpya ya maji chini ya kope la juu, ili presha ishuke na uoni uliobaki usiibiwe. Ukungu wa wiki za kwanza ni kawaida. Kwake, mafanikio yanapimwa kwa namba ya presha, na kwa kuona mwakani kama anavyoona leo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wengine wanauliza: je, kutoa mtoto wa jicho kunashusha presha pia? Ndiyo, lakini inategemea aina ya glaukoma. Kuna watu ambao lenzi yao nene inasukuma mlango wa maji mpaka unafunga. Utafiti wa watu 419 katika nchi tano, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watu wa aina hiyo waliotolewa lenzi mapema walipata nafuu nzuri: baada ya miaka mitatu, karibu 1 kati ya 5 ndiye aliyehitaji matone. Waliotibiwa kwanza kwa leza, karibu 6 kati ya 10 walihitaji.

Kwetu Afrika aina nyingine ndiyo nyingi, ile ambayo mlango uko wazi lakini maji hayapiti vizuri. Kule Kongwa, Tanzania, walipimwa watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea. Karibu 4 kati ya 100 walikuwa na glaukoma, na karibu robo tatu yao walikuwa na aina hiyo. Kwa hao, kutoa mtoto wa jicho kunashusha presha kidogo tu, mara nyingi namba 2 hadi 4. Kwa hiyo kama una magonjwa yote mawili, usiache matone kwa sababu sasa unaona vizuri. Dirisha limesafishwa, mtaro bado umeziba.

Tena ujue haya. Upasuaji wa glaukoma unaweza kuharakisha mtoto wa jicho, na huyo anaweza kutolewa baadaye. Njia ile mpya ya maji inaweza kuziba kwa kovu, kwa hiyo tarehe za kurudi kliniki usiziruke. Na leza ni njia nyingine. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watu 201 walipimwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwa macho 61 kati ya 100, na matone ya timololi kwa 31 kati ya 100.

Ukienda kliniki ya macho, iwe Mulago au Mengo, nenda na mtu anayejua Kiganda au Kiingereza, na uulize:

Moja: nina mtoto wa jicho, glaukoma, au vyote?
Mbili: presha ya kila jicho ni ngapi? Iandike.
Tatu: upasuaji huu ni wa kurudisha uoni au wa kulinda uliobaki?
Nne: baada ya upasuaji, matone yapi niendelee nayo, na yapi niache?

Mwenye pumu amwambie daktari, maana timololi inaweza kumbana kifua. Usinunue dawa ya macho dukani bila kupimwa, kwa sababu matone yenye steroidi yanapandisha presha yakitumiwa muda mrefu. Na jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likauma, likatoa usaha au uoni ukashuka ghafla, hata kama ni miaka imepita, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama mama, baba au ndugu yako wa tumbo moja ana glaukoma, nawe upo hatarini. Usingoje giza. Mtoto wa jicho anaweza kukusubiri. Glaukoma haisubiri.

Mpe jirani karatasi hii.

(Muziki wa kufunga.)