Injini Ngeni Katika Gari la Marehemu

Wengi wenu mnalo, nyuma ya nyumba au chini ya mwarobaini, gari kongwe ambalo hamjaamua kama mliuze kwa kilo au mlifufue. Nasi tulikuwa nalo. Ni pikapu aina ya Toyota Hilux ya dizeli, aliyoinunua marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa biashara yake ya samaki. Baada yake liliendelea kumlisha mama yetu na sisi watoto wake watatu. Kila alfajiri gari hilo lilitoka Malindi likiwa na barafu, likavuka daraja la Sabaki na kupita Gongoni hadi Ngomeni, kisha likarejea na samaki kabla jua halijawa kali.

Siku liliyokufa, mdogo wetu anayeliendesha alikuwa amevuka Gongoni. Mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka nyuma, na injini ikanyamaza. Samaki wa siku ile waligawiwa waliopita njia, kwani barafu haikungoja.

Fundi alipofungua kifuniko cha mafuta ya injini, alituonesha utando wa rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia katika mafuta. Silinda hedi ilikuwa imepasuka. Akauliza ni maji gani tuliyokuwa tukitia kwenye redieta. Tukasema ya kisima. Alitikisa kichwa. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, nayo hula chuma na kuziba vijia vya redieta polepole, hata injini ikakosa pa kupumulia joto lake. Kosa lilikuwa letu, wala hatukuwa na wa kumlaumu.

Tulikuwa na njia tatu: kuliuza gari kama chuma chakavu, kukopa benki tununue jingine, au kutafuta injini ya kubadilisha. Kuliuza kulikuwa kuiuza biashara yenyewe. Mkopo wa riba mama aliukataa kabla hatujamaliza kuutaja. Ikabaki injini, na kaka yetu mkubwa, aliyeko Doha, akasema atatuma fedha zote.

Kabla ya kutuma mtu Mombasa kwenye maduka ya spea, fundi alijilaza chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Magari ya samaki huchuruzikiwa maji ya chumvi kila siku, na barabara yetu yapita karibu na mashamba ya chumvi. "Injini njema juu ya chesisi iliyooza," alituambia, "ni kumvika kanzu mpya mgonjwa wa kufa." Sehemu mbili zilihitaji kuchomelewa. Kwingine chuma kiliitika vyema.

Hapo yakaja mabishano ya vijana. Mdogo wetu aliitamani 1KZ-TE, injini ya tabo iliyokuwa ikifungwa katika magari ya Prado. Fundi hakumkejeli, ila alimhesabia. Pampu ya injini ile huongozwa kwa umeme, basi ingehitaji kompyuta yake na nyaya zake, redieta kubwa zaidi, na vishikizo vya kuundwa upya. Tena, nguvu ya injini haiongezi uwezo wa breki wala wa springi. Gari lilelile lingekimbia zaidi na mzigo uleule, na kusimama kama zamani.

Alichopendekeza ni 5L. Gari letu lilitoka kiwandani na 2L, yenye ujazo wa sentimita 2,446. Jamaa yake 3L ina 2,779, na 5L ina 2,986. Hizi tatu ni za ukoo mmoja: hazina tabo, pampu yao haina kompyuta, na vishikizo pamoja na giaboksi huingiana kwa kiasi kikubwa. Fundi yeyote kutoka Mtwapa hadi Marereni ameshawahi kuifungua mojawapo. Kwa mtu wa biashara, injini bora ni ile inayoweza kutengenezwa pale ilipoharibikia.

Tulikuwa tumekwisha kukubaliana, ndipo mama alipouliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Wanangu, injini hii itakuwa ya nani?"

Sote tulinyamaza. Baba alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na gari lilikuwa bado kwa jina lake. Hatukuwa tumegawa mirathi. Tulijiambia kwamba sisi ni wamoja na hakuna haja. Sasa mmoja wetu alikuwa anaingiza fedha zake katika mali ya wote. Dada yetu aliyeolewa Kilifi alisema kwa adabu, lakini alisema: "Nisije nikasikia kesho kwamba gari ni la aliyelitia injini." Kaka naye, kwa simu, alihofu kwamba fedha zake zingemezwa bila kujulikana. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini ugomvi ulikuwa umekwisha kupata mlango.

Tukamwita ami yetu. Aliamuru gari lithaminiwe kwanza kama lilivyo, bovu, kwa kuwa hiyo ndiyo mali aliyoiacha marehemu. Wazazi wa baba walimtangulia na hakuacha deni, basi hesabu ilikuwa nyepesi: katika mafungu 40, mama apata thumuni yake, yaani 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Kisha akamtaka kaka aseme wazi: fedha za injini ni hiba, ni hisa, au ni deni? Kaka alichagua deni lisilo na nyongeza, litakalolipwa kutokana na mapato ya gari kabla ya faida kugawanywa. Yakaandikwa, wakashuhudia watu wawili. Mirathi yenyewe tuliipeleka kwa Kadhi wa Malindi.

Karatasi hizo zilitufaa upande mwingine pia. Logibuku huandikwa nambari ya injini pamoja na ya chesisi, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari kuarifu mabadiliko ya yaliyosajiliwa. Lakini marehemu hawezi kuarifu. Ilitubidi kwanza gari litoke katika jina la baba, ndipo injini ikaguliwe na iandikishwe NTSA. Gari lenye nambari zisizolingana huzua maswali kwa askari, kwa mnunuzi, na kwa bima siku ya ajali. Kwa hiyo ukinunua injini, daima risiti yenye nambari iliyoandikwa, na karatasi za forodha ikiwa imetoka ng'ambo.

Katika kununua, mdogo wetu alifuata mafunzo ya fundi: zungusha injini kwa mkono, chungulia njia za maji uone kutu, na pima mgandamizo wa kila silinda. Mwuzaji wa kwanza alitaka tuichukue kama ilivyo, bila neno la baadaye. Tukamwacha. Sheria yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kikidhihirika na aibu iliyofichwa. Mwuzaji wa pili aliikubali kwa maandishi.

Kabla ya kuipandisha injini, fundi alibadilisha mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na sili za mafuta. Vitu hivyo ni rahisi kufikiwa injini ikiwa chini, na ni adhabu ikiwa juu. Redieta ilisafishwa, na tangu hapo hainywi maji ya kisima.

Deni la kaka lilimalizika baada ya miezi kumi na minne. Siku hiyo mama aliitoa ile karatasi kabatini, akaandika "limelipwa", akatutaka sote tutie saini, na dada alisafiri kutoka Kilifi kwa ajili hiyo tu. Ndugu msomaji, kama gari la marehemu wenu limelala uani, anzeni na karatasi, kisha mwiteni fundi. Injini ikifa hupatikana nyingine Mombasa. Ndugu hawauzwi dukani. Wabillahi tawfiq.