Presha ya Twiga

Mtu mzima akipimwa zahanati na mashine ikasoma 120 kwa 80, muuguzi huandika kwenye kadi na kumwita anayefuata. Ikisoma 140 kwa 90, ataulizwa habari za chumvi na kuambiwa arudi kupimwa tena. Ikipanda hadi 220 kwa 180, habari ya kurudi haipo: ni kukimbizwa hospitali, maana mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Twiga aliyekomaa ana presha ya kiasi hicho siku zote. Anatembea nayo, analala nayo, anabeba mimba ya miezi kumi na mitano nayo. Moyo wake hauchakai, figo zake hazifi, wala miguu yake haivimbi.

Kwa Watanzania twiga ni mnyama wa taifa. Timu ya taifa ya soka ya wanawake imepewa jina lake, Twiga Stars, na mchoro wake umepamba mikia ya ndege za Air Tanzania. Sifa zote hupewa shingo, na kweli shingo ile inastahili kutazamwa. Ila katika ujenzi wa mwili huu, shingo ndiyo iliyokuwa kazi nyepesi. Ina pingili saba, idadi ile ile iliyo katika shingo ya mtu, ya ng'ombe na ya panya. Zimerefushwa tu, na pingili moja ya twiga mkubwa huweza kupita sentimita 25. Kano nene inayovutika imepita nyuma ya shingo kutoka mgongoni hadi kisogoni, nayo huishikilia ikae juu bila misuli kutaabika. Kazi ngumu ilikuwa kuufikishia damu ubongo uliopelekwa mbali kiasi hicho.

Dume mkubwa hufika mita tano na nusu kutoka kwato hadi ncha za pembe, na ubongo wake uko karibu mita mbili juu ya moyo. Anayepandisha maji kwenye tangi la juu ya ghorofa anaijua hesabu hii: tangi likiinuliwa, pampu nayo iongezwe nguvu. Kwa kipimo kile kile cha zahanati, damu inayopanda mita moja hupoteza karibu 78. Ndiyo maana presha inayotoka moyoni ikiwa kubwa mno hufika kichwani ikiwa ya kawaida, inayokaribiana na ile inayoufikia ubongo wa mamalia wengine. Twiga haugui presha. Anayo inayolingana na urefu wake, na ndama huanza na ya chini, ikapanda kadiri shingo inavyorefuka.

Zamani vitabu vingi vilieleza kwamba siri ni moyo mkubwa wa ajabu. Ulipowekwa kwenye mizani, moyo wa twiga ulikutwa na uzito wa karibu nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, kiwango cha kawaida kwa mamalia. Tofauti imo ndani. Kundi la watafiti wa Denmark, wakiwamo Christian Aalkjær na Tobias Wang wa Chuo Kikuu cha Aarhus, lilishirikiana na wenzao wa Afrika Kusini kuwapima twiga waliopewa dawa ya usingizi. Mwaka 2016 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba chumba cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini, kina ukuta mnene na nafasi ndogo ndani. Kwa unene ule, mzigo hugawanywa, na kila sehemu ya msuli hubeba kiasi ambacho ingebeba katika moyo wa mnyama mwingine yeyote. Gharama yake ni kwamba kila pigo hutoa damu kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mwili mkubwa namna ile.

Moyo wa binadamu mwenye presha nao hunenepa ukuta. Balaa ni kwamba ukinenepa huota nyuzi za kovu, ukakakamaa, ukashindwa kutanuka vizuri ili ujae damu. Mgonjwa akipanda ngazi anahema. Wa twiga hunenepa pasipo kukakamaa hivyo. Jambo hili limemvuta Barbara Natterson-Horowitz, daktari wa moyo wa Marekani anayechunguza magonjwa ya watu kwa kuwatazama wanyama. Mwaka 2021 yeye na wenzake waliuliza, katika makala ya kisayansi, kama mwili wa twiga umekwisha kulitatua tatizo hili ambalo hospitali bado zinahangaika nalo.

Mwaka huo huo kukaja habari nyingine kutoka China. Wanasayansi waliosoma jeni zote za twiga walikuta moja, iitwayo FGFRL1, imebadilika isivyo kawaida. Wakayatia katika panya mabadiliko hayo ya twiga, kisha wakawapa panya hao dawa ya kupandisha presha. Panya wa kawaida waliopewa dawa hiyo walipatwa na presha, mioyo na figo zao zikaharibika. Wale wenye jeni ya twiga hawakupata madhara hayo. Mifupa yao pia ilikuwa imara kuliko ya wenzao, jambo linaloeleweka kwa mnyama anayelazimika kuota mifupa mirefu kwa muda mfupi.

Figo zina njia yake. Katika mwili wa mtu, presha kubwa huvichosha vichujio vidogo vya figo mpaka vinakufa kimoja kimoja, na mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu. Figo ya twiga imefunikwa na gamba gumu lisilotanuka. Ndani yake majimaji hukaa kwa mgandamizo mkubwa, nao huisukuma damu kutoka upande wa pili, vichujio visipokee nguvu yote.

Chini zaidi, miguuni, mzigo ni mzito kuliko kifuani, kwa sababu juu ya presha ya moyo inaongezeka ile ya nguzo nzima ya damu iliyo juu yake. Mtu anayesimama kutwa nzima kazini huvimba vifundo jioni. Twiga husimama karibu maisha yake yote. Alan Hargens, mtafiti aliyewahi kufanya kazi na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1987 majibu ya fumbo hili: ngozi ya mguu wa twiga ni nene na imebana sana, hivyo majimaji hayapati nafasi ya kutoka kwenye mishipa na kutuama. Rubani wa ndege ya kivita huvaa suruali maalumu inayobana miguu kwa sababu inayofanana na hiyo. Zaidi ya ngozi, ateri za miguu zina kuta nene zenye tundu jembamba, na chini kidogo ya goti ipo sehemu ambayo mshipa hujifinya, damu isishuke kwa kishindo.

Yote haya hukutana kwenye maji. Twiga akifika kisimani hanywi mara moja. Husimama kitambo akitazama pande zote, maana simba huwavizia wanyama mahali kama hapo na yeye akishainama hawezi kuondoka kwa haraka. Akiridhika, hutanua miguu ya mbele kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka kifua kishuke. Wengine hukunja magoti. Hana budi, kwa kuwa shingo ile ndefu, ikilinganishwa na miguu, haifiki ardhini. Hata kwa kutanua miguu isingefika vizuri kama si msaada mmoja uliogunduliwa Japani. Mwaka 2016 Megu Gunji na Hideki Endo wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba pingili ya kwanza ya kifua cha twiga, ambayo kwa mamalia wengine hukaa imefungwa na mbavu, kwake inacheza kama pingili ya nane ya shingo. Uhuru huo mdogo wa mfupa mmoja humwongezea zaidi ya sentimita 50 za kufikia, juu na chini.

Midomo inagusa maji, na ubongo uliokuwa mita mbili juu ya moyo sasa uko chini yake kabisa. Kwa hesabu za kawaida, damu ingetakiwa kuporomoka kichwani na kuleta maafa. Lakini kichwa kikishuka, vena kubwa za shingo hujaa na kuhifadhi zaidi ya lita moja ya damu, huku vali zake zikiizuia isirudi kichwani. Damu inayorejea moyoni inapungua, na kila pigo la moyo linapungua nguvu. Twiga akiinua kichwa kwa ghafla, akiba ile humiminika moyoni kwa pamoja, moyo ukapiga pigo kubwa, na ubongo ukapata damu kabla hajaona kizunguzungu. Mtu aliyewahi kuinuka haraka kitandani na kuona giza anaweza kukadiria uzito wa kazi hiyo.

Miguu mirefu nayo ina siri iliyochelewa kuonekana. Watu huiona kuwa nyongeza ya urefu tu. Roger Seymour wa Australia na Edward Snelling wa Afrika Kusini walifanya hesabu ya mnyama wa kufikirika: mwili wa pofu, miguu ya kawaida, na shingo iliyorefushwa mpaka kichwa kifike alipo twiga. Moyo wa mnyama huyo ungetumia karibu asilimia 21 ya nguvu zote za mwili. Wa twiga hutumia karibu asilimia 16, kwa kuwa miguu yake huuinua moyo wenyewe na kuusogeza karibu na kichwa. Hata hivyo, asilimia 16 ni kodi kubwa. Wa mtu hutumia chini ya nusu ya hiyo.

Kodi hiyo inalipwa kwa majani. Dume huweza kula zaidi ya kilo 30 kwa siku, mengi yakiwa ya migunga, ambayo kila tawi lake limejaa miiba mirefu kama sindano. Ulimi wa twiga una urefu wa karibu sentimita 45, mweusi wa zambarau upande wa mbele. Hujikunja kuzunguka kitawi, ukakivuta, na midomo migumu ikayakwangua majani. Mate mazito hukamilisha kazi kwa kuifunika miiba iliyoponyoka ikaingia. Kwamba urefu unaleta faida ya chakula lilikuwa jambo la kubishaniwa miaka mingi, mpaka Elissa Cameron na Johan du Toit walipozungushia ua baadhi ya miti katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ili swala pala, tandala na wala majani wengine wafupi wasiifikie. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa kwenye miti ya wazi, twiga alipata majani mengi zaidi kwa kila tonge akila juu. Kwenye miti iliyolindwa, ya chini yalikuwa mengi vile vile. Wenzake wafupi ndio wanaomsukuma juu.

Wapo wanaoamini kwamba shingo ilirefuka kwa ajili ya ugomvi wa madume, ambao hupigana kwa kuzungusha shingo na kubamizana vichwa. Douglas Cavener wa Marekani na wenzake walipima picha nyingi za twiga wa Kimasai, na mwaka 2024 wakaripoti kwamba majike ndio wenye shingo ndefu zaidi kwa uwiano wa miili yao. Jike hubeba mimba na kunyonyesha karibu maisha yake yote ya utu uzima. Njaa yake ni kubwa, na hoja ya chakula inapata nguvu.

Mwili huu wenye uwezo mkubwa unashindwa na kitu kimoja ambacho mbuzi hakimsumbui: kupanda mlima mkali. Mwaka 2023 George Lohay, mtafiti wa Kitanzania, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni za twiga wa Kimasai wa pande mbili za Bonde la Ufa, wale wa Serengeti na Ngorongoro kwa upande mmoja, na wale wa Tarangire na Manyara kwa upande mwingine. Kwenye ramani umbali ni mdogo. Kwenye damu, majike wa pande hizo hawajachanganyika kwa zaidi ya miaka 250,000, na hata madume, ambao huzurura mbali, hawajavuka kwa zaidi ya miaka 1,000. Kuta za bonde zimewatenga, na sehemu ambazo mteremko unapitika zimebaki chache mno, na huko watu wamekwisha kujenga.

Twiga wa Kimasai aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 2019, baada ya idadi yake kupungua kwa karibu nusu ndani ya vizazi vitatu. Utafiti wa Lohay unalifanya jambo hilo kuwa zito zaidi, kwa sababu idadi ile moja ni ya makundi mawili yasiyoweza kusaidiana. Twiga wakiisha Tarangire, wa Serengeti hawatashuka kuziba pengo. Kwa hiyo doria dhidi ya mitego ya nyaya zinahitajika pande zote mbili, na mapito yanayobaki kati ya Tarangire, Manyara na tambarare za Simanjiro hayana budi kuachwa wazi kabla viwanja havijapimwa juu yake.