Jiwe Lenye Majina

Leo nataka tuzungumze juu ya minara ya kumbukumbu ya vita. Ile mikubwa ya mijini twaijua. Mimi nasema zaidi juu ya jiwe dogo lililosimama kijijini.

Huko Ufaransa, karibu kila kijiji kina jiwe hilo, mara nyingi jirani na kanisa au ofisi ya meya. Mengi yalijengwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyokwisha mwaka 1918. Serikali ilisaidia kidogo kwa fedha, na wanakijiji nao wakachanga. Juu ya jiwe yameandikwa majina ya waliokufa. Penye kaya chache utaona ukoo mmoja umeandikwa mara mbili, hata mara tatu, nawe wajua bila kuambiwa kwamba nyumba moja ilipata msiba zaidi ya mara moja. Maiti nyingi hazikurudi nyumbani, na nyingine hazikuonekana kabisa. Mama asiye na kaburi la mwanawe alipata walau mahali pa kusimama.

Sasa tutazame kwetu. Vita hiyo hiyo ilipiganwa Afrika Mashariki. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwamaliza wanyama, hivyo mizigo ikabebwa na watu vichwani. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Mwaka 1927 ilizinduliwa sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam; Nairobi na Mombasa nako kuna sanamu za namna hiyo. Ni nzuri kutazama, lakini hazitaji jina la marehemu hata mmoja. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Radhi iliombwa, lakini majina mengi hayatapatikana tena.

Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ni jambo la juzi. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa wakipigana na majeshi ya Idi Amin, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Hilo ni jema. Lakini kila mmoja wao alitoka kijiji fulani, na kutoka Lindi au Songea mpaka Kaboya si safari ya mzazi mzee asiye na nauli. Je, kijijini kwao pana alama gani?

Kazi hii haingoji wizara. Serikali ya kijiji yaweza kuanza na daftari: jina la marehemu, ukoo, na mwaka aliofariki. Wazee, wajane na wenzake waliorudi wahakikishe. Jiwe na saruji vitafuata. Tusichelewe, kwani kijana wa miaka 20 mwaka 1979 sasa amevuka 60.

Wako watakaosema tunasifu vita. La. Mtoto akisoma pale jina la ukoo wake, atajua gharama ya vita kuliko kwa hotuba yoyote.